Je, mkandarasi wa matengenezo ya lami anaweza kubebeshwa dhamana ya miaka kadhaa?

Mjumbe wa Urambo (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaishi Urambo, mkoani Tabora, na ni mjumbe wa kamati ya halmashauri inayoshughulikia uchumi, ujenzi na mazingira. Barabara kuu inayotoka Tabora kupitia Urambo na Kaliua kuelekea Malagarasi, Uvinza na Kigoma haiko mikononi mwa halmashauri. Iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali kuu anayesimamia barabara kuu na za mikoa. Hata hivyo, wananchi wanapokasirika hutuuliza sisi, na hoja zetu zina njia ya kufika kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, kwa hiyo nataka nikiongea niwe na kitu cha maana cha kusema.

Jambo linaloniumiza ni viraka. Kila mvua zinapokatika tunakuta vile vilivyowekwa kabla ya masika vimebanduka, na shimo limerudi palepale likiwa pana kuliko mwanzo. Kuna kiraka kimoja karibu na kalvati nilichokikagua mwenyewe. Kingo zake hazikuwa zimekatwa. Lami mpya ilimwagwa tu ndani ya shimo likiwa na umbo lake lilelile la awali, na ukiingiza vidole pembeni unainua kipande kikubwa kama sahani, chini yake kukiwa na vumbi lililolowana. Nilipouliza nikaambiwa kwamba kipindi cha matazamio cha miezi 12, ambacho ndani yake mkandarasi hurekebisha kasoro za kazi yake, kimekwisha na kwamba kipande hicho kimeingizwa tena kwenye bajeti. Maana yake ni kwamba fedha ya mafuta tunayokatwa kila tunapojaza tangi italipia shimo lilelile mara ya pili.

Nimesoma kwamba ziko nchi ambazo mkandarasi huidhamini lami aliyoiweka kwa miaka 3, 5 au zaidi, na ikiharibika kabla ya muda huo huirudia kwa gharama yake. Je, utaratibu huo unaweza kutumika katika matengenezo ya barabara zetu kuu, au unafaa kwa ujenzi mpya peke yake? Je, mkandarasi hatapandisha bei tu na sisi tukabaki tulipokuwa? Na ni nani atakayeamua kwamba kosa ni la mkandarasi, wala si la malori ya tumbaku na saruji yanayopita hapa usiku na mchana?

Mhandisi wa Vifaa, Tabora

Mheshimiwa, utaratibu huo unawezekana hata katika matengenezo, lakini kila kitu kinategemea ni dhamana ya aina gani mkandarasi anatakiwa kuitoa.

Kipindi cha matazamio tulichonacho kina kazi yake. Kinamlazimu mkandarasi kurudi kurekebisha kasoro, na ndiyo maana sehemu ya malipo yake huzuiwa, nusu ikirudishwa kazi inapopokelewa na nusu nyingine kipindi kinapokwisha. Tatizo ni kwamba kasoro nyingi za lami hazijitokezi ndani ya mwaka mmoja. Lami ambayo haikushindiliwa vya kutosha huonekana nzuri siku ya makabidhiano, kisha huanza kubonyea taratibu kwenye njia za matairi. Lami iliyochemshwa kupita kiasi hukauka na kupasuka baada ya miaka michache. Kokoto zilizotumika zikiwa na vumbi huachia moja moja hadi uso wa barabara unapobaki na vidonda. Kwa kasoro za namna hiyo miezi 12 humkinga mkandarasi kuliko inavyomkinga mwananchi.

Dhamana za ubora zinazotumika katika barabara ziko za namna mbili kuu. Katika ya kwanza mkandarasi anadhamini vifaa na ufundi: mwenye barabara ndiye aliyesanifu, ndiye aliyechagua unene na aina ya lami, na mkandarasi anawajibika pale tu ambapo kasoro imetokana na alichokileta au alivyokifanya. Katika ya pili anadhamini utendaji wa barabara yenyewe, yaani kwamba kwa miaka kadhaa haitabonyea, haitapasuka wala kupoteza usawa wake kupita viwango vilivyoandikwa. Hapo ni lazima apewe pia uhuru wa kuchagua mchanganyiko wa lami, na mara nyingine hata usanifu, kwa sababu huwezi kumfunga mtu kwa matokeo ya uamuzi ambao hakuufanya yeye.

Ulaya, hasa Ujerumani na Denmark, dhamana za miaka kadhaa ni jambo la kawaida tangu zamani. Marekani walichelewa. Kwa muda mrefu serikali yao kuu haikuruhusu dhamana za namna hiyo kwenye barabara zinazojengwa kwa fedha zake, kwa kuhofia kwamba ingejikuta inalipia matengenezo kupitia mlango wa nyuma. Wahandisi wao waliitembelea Ulaya mwaka 1990 kujifunza mambo ya lami, na miaka iliyofuata masharti yakaanza kulegezwa. Jimbo la Wisconsin likaanza kutumia dhamana ya miaka 5 kwa barabara za lami mwaka 1995, Indiana na Michigan zikafuata. Michigan inafaa kutazamwa na sisi kwa sababu haikuishia kwenye ujenzi; iliweka dhamana fupi zaidi kwenye kazi za kuzuia uharibifu, kama vile kumwaga tabaka jipya la lami na kokoto juu ya barabara iliyoanza kuchoka.

Kwa maoni yangu, hapa kwetu dhamana ya utendaji ingefaa mahali ambapo kipande kizima kinawekewa tabaka jipya, yaani matengenezo ya muda maalumu. Viraka na sehemu korofi zingefaa dhamana ya vifaa na ufundi. Kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kuchonga barabara za changarawe ni kazi za kupimwa na kulipwa mwezi hadi mwezi, na kuzifunga kwa dhamana ni kuwasumbua watu bure.

Kuhusu nani aamue, jambo la kwanza ni kuandika viwango vinavyopimika kabla ya zabuni kutangazwa: bonde la tairi likifika kina fulani, nyufa zikifika urefu fulani katika kila mita 100, basi mkandarasi anarudi, na aina ya marekebisho nayo iwe imeandikwa. Neno kama "barabara iwe katika hali nzuri" halina nguvu mbele ya msuluhishi. Wisconsin waliweka pia jopo la watu 5 la kutatua mabishano: wawili wa idara ya barabara, wawili wa mkandarasi, na mmoja wa nje anayekubaliwa na pande zote mbili. Sioni sababu ya sisi kushindwa kuwa na jopo kama hilo kwa kila mkoa.

Mkandarasi wa Daraja la Tano, Kigoma

Mhandisi, nakuheshimu, na Mheshimiwa naelewa uchungu wako kwa sababu barabara hiyohiyo ndiyo inayonilisha. Naomba nami nisikilizwe, maana mijadala hii mara nyingi humzungumzia mkandarasi kana kwamba hayupo.

Kwanza ni uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Kwa hiyo ekseli iliyobeba tani 12 badala ya 10 haiiumizi lami kwa asilimia 20 zaidi. Inaiumiza karibu mara 2. Nikidhamini lami kwa miaka 3 kwa hesabu ya malori yanayofuata sheria, kisha yakapita yasiyoifuata, nimedhamini makosa ya mtu mwingine.

Pili ni kilichomo chini. Mkataba wa viraka hunipa mita za mraba za kuziba na unene wa lami. Nikifukua nikakuta tabaka la msingi limelowa na kuoza kwa sababu mtaro wa upande wa juu umeziba tangu mwaka juzi, mara nyingi kiasi nilichopewa hakitoshi kuondoa udongo wote mbovu, na kuandika kuomba nyongeza ni kusubiri wiki kadhaa wakati mashine ninailipia kwa siku. Mtaro wenyewe unaweza kuwa kwenye mkataba wa mtu mwingine. Kiraka kizuri juu ya msingi uliolowa kitabanduka tu, awe amekiweka fundi wa aina gani.

Tatu ni wakati. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini hadi mikataba isainiwe na malipo ya awali yatoke, mara nyingi tunaingia barabarani mawingu yakiwa yameshatanda. Mvua za huku huanza Oktoba au Novemba. Anayetaka lami ishike aniruhusu kufanya kazi Julai hadi Septemba, jua linapowaka na msingi ukiwa mkavu.

La mwisho, na kwa sisi wadogo ndilo zito zaidi, ni dhamana ya benki. Benki hainipi karatasi hiyo kwa jina langu zuri. Inashikilia fedha taslimu au hati ya nyumba. Dhamana ya miezi 12 naweza kuihimili. Ya miaka 3 maana yake ni kwamba mtaji wa mkataba wa mwaka huu bado umefungwa ninapoomba kazi ya mwakani, na ule wa mwakani umefungwa ninapoomba ya mwaka unaofuata. Baada ya hapo kazi zote za matengenezo Kigoma na Tabora zitachukuliwa na kampuni kubwa kutoka mbali, nasi tutabaki kuwa vibarua wao.

Mjumbe wa Urambo

Nashukuru kwa majibu yote mawili, na hoja ya mtaji sikuwa nimeifikiria kwa namna hiyo. Lakini bado naona pengo. Mkandarasi anasema msingi ulikuwa umelowa. Msimamizi atasema lami haikushindiliwa. Na wakati wanabishana shimo limekwisha kufunguka na ushahidi umesombwa na maji. Unawezaje kutenganisha makosa hayo mawili baada ya mwaka mmoja na nusu?

Fundi Sanifu Mstaafu, Kasulu

Baada ya mwaka mmoja na nusu huwezi, Mheshimiwa. Hutenganishwa siku ileile shimo linapofukuliwa, na hapo ndipo ninapoona dhamana nyingi zingekufa hapa kwetu hata zikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Nimesimamia kazi za viraka kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kazi yenyewe inavyotakiwa kwenda. Shimo hupigwa alama ya pembe nne kwa chaki, alama ikienda nje ya ufa wa mwisho hadi mahali ambapo lami ya zamani bado ni nzima. Hukatwa kwa msumeno, kingo zikisimama wima. Hufukuliwa hadi kwenye kitu kigumu na kikavu, iwe ni sentimita 5 au 30. Chini hupigwa kipimo cha DCP, ile fimbo ya chuma yenye nyundo, ili kujua ugumu wa msingi. Ni kazi ya dakika chache. Kisha hujazwa kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa peke yake, kingo na sakafu hupakwa lami ya kushikiza, na lami ya juu huwekwa ikibaki imeinuka kidogo, ili ikishindiliwa ilingane na barabara. Mwisho mshono wa pembeni huzibwa, kwa sababu maji huanzia hapo. Kile kiraka ulichokiinua kwa vidole kiliruka hatua ya kwanza, na aliyeruka ya kwanza sina shaka aliruka na nyingine.

Sasa, kila kiraka kiwe na kadi yake. Kadi iandike kilomita na upande wa barabara, urefu, upana na kina, hali ya msingi uliokutwa, matokeo ya DCP, tarehe na hali ya hewa, pamoja na picha tatu: shimo likiwa limefukuliwa, likiwa limejazwa kabla ya lami ya juu, na likiwa limekamilika. Mkandarasi na msimamizi wasaini wote wawili kabla ya kufunika. Simu ya mkononi inatosha kwa picha na kwa kuonyesha mahali.

Halafu mkataba useme hivi: mkandarasi akikuta msingi mbovu na akatoa taarifa ya maandishi kabla ya kufunika, nusu ya uamuzi imehamia kwa msimamizi. Msimamizi akiidhinisha kufukua zaidi na kulipia, dhamana inaendelea kama kawaida. Akiamuru kazi iendelee hivyohivyo, kiraka hicho kinatoka kwenye dhamana na jina la aliyeamuru linabaki kwenye kadi. Mkandarasi asipotoa taarifa, amekubali kwamba alichokikuta kinafaa kujengewa, na hawezi kuja kulalamika baadaye. Kwa utaratibu huo mkandarasi mwaminifu hatabeba mzigo wa mtaro usio wake, na asiye mwaminifu hatapata pa kujificha. Zaidi ya hapo, msimamizi anayekaa ofisini na kusaini asichokiona ataanza kwenda barabarani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Mhandisi wa Vifaa, Tabora

Fundi ameeleza kwa ufasaha kuliko nilivyoeleza mimi, na pendekezo lake la taarifa kabla ya kufunika linaendana na kanuni waliyoiweka Marekani mwaka 1996 walipokamilisha kuruhusu dhamana hizi: mkandarasi asitwishwe wajibu usio wa haki kwa mambo ambayo hayako katika uwezo wake.

Niongeze mawili ambayo nimekuwa nikiyafikiria tangu jana.

Muda wa dhamana usihesabiwe kwa miezi. Uhesabiwe kwa misimu kamili ya mvua. Kazi iliyopokelewa Mei na yenye matazamio ya miezi 12 inapitia msimu mmoja mzima. Iliyopokelewa katikati ya Januari inapata nusu ya msimu huu na nusu ya unaofuata, na kati yake kiangazi chote ambacho hakimjaribu mtu. Lami ya ukanda wetu inaumizwa na maji kabla ya kitu kingine chochote, hasa kwenye maeneo ya mbuga yenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwa viraka ningependekeza misimu 2 kamili, na kwa tabaka jipya la juu misimu 3 au 4, ukaguzi wa pamoja ukifanyika kila mwaka mwezi Mei, kabla vumbi halijafunika nyufa na kabla bajeti ya Julai haijafungwa.

Kuhusu bei, Mheshimiwa, ndiyo, itapanda, na tusidanganyane. Jimbo la New Mexico mwaka 1998 lililipa dola milioni 62 kwa dhamana ya miaka 20 ya lami ya barabara moja yenye urefu wa karibu kilomita 190. Huo ni mfano wa juu kabisa na siupendekezi kwa yeyote hapa, lakini una somo kuhusu hoja ya mkandarasi wetu: dhamana ile haikufungwa kwa miaka peke yake, ilifungwa pia kwa jumla ya mizigo ya ekseli itakayopita, na mizigo hiyo ikitimia mapema, wajibu unakwisha mapema. Kwetu takwimu za mizani zinaweza kufanya kazi hiyo. Swali la kujiuliza kuhusu bei ni kama nyongeza ya leo inazidi gharama ya kuziba shimo lilelile mwaka hadi mwaka, pamoja na springi na matairi ya magari ya wananchi.

Kwa wakandarasi wadogo sioni haja ya dhamana ya benki ya miaka 3. Fedha inayozuiwa inaweza kurudishwa kwa mafungu, fungu moja baada ya kila msimu ambao kazi imepita salama, na rekodi ya dhamana zilizotimizwa ikawa sehemu ya vigezo vya zabuni inayofuata. Mkandarasi wa Daraja la Tano mwenye kadi mia za viraka vilivyosimama misimu 2 apewe alama ambazo kampuni kubwa isiyo na rekodi hiyo haiwezi kuzinunua.

Mkandarasi wa Daraja la Tano, Kigoma

Kwa masharti ya Fundi na hayo ya misimu, mimi nitasaini. Naongeza mambo mawili tu. Fedha inayorudishwa kwa mafungu irudishwe kwa tarehe iliyoandikwa, na ikichelewa iwe na riba, kwa sababu sisi tumezoea kudai fedha zetu kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyochukua. Na anayekuja kukagua mwezi Mei asiponiletea taarifa ya kasoro ndani ya muda uliopangwa, tuseme siku 30, msimu huo uhesabike kuwa umepita. Kama mimi nabanwa na maandishi, naye abanwe.

Halafu mtaro. Nipeni mtaro na kiraka katika mkataba mmoja kwa kipande kimoja cha barabara. Nikiwa na vyote viwili sitakuwa na wa kumlaumu, na sitamtafuta.

Mjumbe wa Urambo

Hilo la mtaro na kiraka kuwa mkataba mmoja nalichukua kama lilivyo, kwa sababu halihitaji kubadilisha sheria wala kusubiri fedha mpya. Linahitaji tu kubadilisha namna vipande vinavyogawanywa wakati wa kuandaa zabuni. Nitaomba mwenyekiti wa halmashauri yetu aliwasilishe kwenye kikao kijacho cha Bodi ya Barabara ya Mkoa pamoja na pendekezo la kadi ya kiraka, tukianza na kipande kimoja kifupi chenye kalvati nyingi kati ya Urambo na Kaliua, misimu 2 ya mvua, bila dhamana ya benki ya ziada.

Fundi, naomba kama unaweza utuwekee hapa mfano wa kadi yenyewe, ukurasa mmoja, ukiwa na nafasi ya sahihi mbili na mstari wa taarifa ya msingi mbovu. Nikienda kikaoni na karatasi mkononi itakuwa rahisi kwa wajumbe kunielewa kuliko nikienda na maelezo matupu.